Chumba Kisichokaa Kitupu

Jumapili iliyopita, watoto wenzenu walipokwisha kutoka, mmoja wenu alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Alikuwa na neno, lakini halikutoka upesi. Alikunja pindo la sweta yake, akalikunjua, akalikunja tena. Hatimaye akaniuliza, "Mjomba, ni kweli sisi wa Majengo tumezaliwa na roho mbaya?"

Nikamuuliza nani amemwambia hivyo. Akasema kalamu ya mwenzake ilipotea darasani, na mtu wa kwanza kupekuliwa mkoba alikuwa yeye, kwa kuwa anatoka Majengo. Kalamu ilikuja kuonekana ndani ya daftari la mwenyewe, na hakuna aliyemwambia pole.

Siku ile sikumjibu vizuri. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, nami nilikuwa na hasira kwa niaba yake, na mwenye hasira hajibu vizuri. Leo nataka kumjibu mbele yenu nyote, kwa sababu swali lile ni lenu nyote.

Kwanza mjue mlipozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni waliotawala Nairobi hawakutaka Waafrika wakae watakapo mjini. Wakapima viwanja hapa Pumwani, wakavunja vijiji ambavyo watu walikuwa wamejijengea kando ya mji, wakasema: hameni, mkajenge kule. Watu wakajenga. Wakasimamisha miti, wakakandika udongo, ukumbi ukapita katikati, vyumba vikawa huku na huku, na ua ukabaki nyuma kwa kupikia na kufulia. Jina la Majengo lilitokana na jasho hilo. Baadaye kijiji cha Pangani nacho kikabomolewa, mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakasukumwa tena. Basi wazee wetu walifukuzwa, wakajenga, wakafukuzwa, wakajenga. Waislamu na Wakristo wamechota maji kwenye bomba moja, na siku ya Idi hakuna mtoto wa Kikristo wa hapa aliyelala bila kuonja pilau ya jirani. Na wengi wa wanaotusema vibaya huko mjini walizaliwa papa hapa petu, katika Hospitali ya Pumwani.

Hakuna udongo unaoota wizi, wanangu. Siku moja watu walimshtaki Yesu kwamba wanafunzi wake wanakula bila kunawa mikono. Akawaambia kwamba kinachoingia mdomoni huishia tumboni, hakiwezi kumchafua mtu. Kinachomchafua ni kile kinachotoka moyoni mwake. Kisha akavitaja vitu hivyo, wizi, tamaa, hila, wivu, masengenyo, kiburi, wala hakutaja mtaa wa mtu yeyote.

Kwa hiyo jibu langu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mtamu: hapana, Majengo haikukupa roho mbaya. Upande wa pili ni mchungu kidogo: uovu upo ndani yako, upo ndani yangu, na upo ndani ya yule aliyekupekua mkoba. Wangu mimi naujua. Nilikutana nao mwaka 1994, nikiwa na miaka 13, chini ya meza ya nguo za mitumba Gikomba.

Katika nyumba tuliyopanga kulikuwa na mama mmoja wa chumba cha tatu, Mwislamu mcha Mungu, aliyeuza mashati ya mitumba. Jumamosi nilikuwa nikimsaidia. Belo likifunguliwa, kazi yangu ilikuwa kuchambua, zile nzuri tunazoita kamera nizitundike mbele, zilizochakaa nizirundike chini kwa bei ya kutupa. Jioni alinipa shilingi 50, na mara nyingine shati.

Pesa zake hakuziweka kwenye mkebe. Alizifunga kwenye pindo la leso, fundo dogo gumu, akalichomeka kiunoni. Jua likiwa kali saa saba aliivua ile leso, akaiweka juu ya rundo la nguo, akaenda kuswali. Aliniambia, "Angalia hapo, mwanangu." Basi nikawa naangalia. Na siku moja macho yaliangalia sana.

Fundo lile lilikuwa limekazwa na vidole vya mtu aliyezoea. Nililifungua kwa meno. Mpaka leo nakumbuka ladha yake, chumvi ya jasho na vumbi la belo. Nilichomoa noti moja ya shilingi 20, nikalifunga fundo vilevile. Niliporudi kutundika mashati mikono ilikuwa inatetemeka kwelikweli, hata kibanio cha nguo kikaniponyoka. Mama alirudi, akavaa leso yake, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi iliyofuata mikono haikutetemeka sana. Ile ya tatu haikutetemeka kabisa, na hapo ndipo mnitazame vizuri, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kuogopa. Nilidhani nimekuwa shujaa. Kumbe kile kilichokuwa kikitetemeka ndani yangu, kile kilichoogopa kumwumiza mama wa watu, kilikuwa kinalala usingizi. Nilihesabu mwenyewe baadaye: jumla yake ilifika shilingi 340.

Mama hakuwa mjinga. Aliona hesabu haikai. Lakini hakunishuku mimi, mtoto wa nyumba moja. Alimshuku kijana mmoja aliyesukuma mkokoteni, aliyekuwa akituletea mabelo na kupumzika kwenye kivuli cha kibanda chetu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitatu hivi, hana wazazi mjini, analala popote mkokoteni ulipolala. Mama alimuuliza mbele za watu. Kijana akakana. Mtu wa kibanda cha pili akasikia neno "mwizi", na mnajua neno hilo likitamkwa Gikomba linakwendaje: halitembei, linaruka. Walimpiga. Si mpaka kufa, Mungu ashukuriwe, mama mwenyewe alipiga kelele akajitupa katikati akawazuia. Lakini mdomo ulipasuka, shati likachanika mgongoni kote, na mkokoteni ukabaki pale magurudumu juu.

Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mashati yaliyotundikwa, nikiona yote kupitia katikati ya mikono ya mashati mawili. Noti ya shilingi 20 ilikuwa ndani ya soksi yangu.

Sikusema kitu.

Sasa nisikilizeni, kwa kuwa hili watu wengi hawawaambii watoto. Mngedhani kwamba tangu siku ile nilimwonea huruma yule kijana. Nilimchukia. Nikimwona kwa mbali nilivuka barabara, na moyoni nilijisemea kwamba ana kiburi, ananuka, huenda huko nyuma aliiba kitu kingine, amestahili. Nilihitaji awe mbaya ili mimi niweze kulala. Wizi ulizaa woga, woga ukazaa uongo, uongo ukazaa chuki, na yote niliyalisha mimi mwenyewe. Ukiona unamchukia mtu na hujui kwa nini, hebu chunguza kwanza kama kuna deni lake mkononi mwako.

Nilijaribu kujisafisha. Niliapa, tena kwa Biblia ya nyanya yangu, kwamba sitagusa tena lile fundo. Nikakaa Jumamosi mbili. Nilijiona mtakatifu siku zile, nikawa hata nawakemea wadogo zangu kwa sababu ya sukari. Jumamosi ya tatu nikaiba shilingi 40 kwa mpigo.

Kuna mfano ambao Yesu aliusimulia, nao nadhani mtoto wa Majengo anaweza kuuelewa kuliko profesa. Pepo alimtoka mtu, akazungukazunguka mahali pakavu akitafuta pa kupumzika, asipate. Akasema, narudi kwangu. Akarudi, akakuta nyumba imefagiwa, imepambwa, na haina mtu. Akaenda akaleta wenzake saba wabaya kuliko yeye, wakahamia wote, na hali ya yule mtu ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mnajua chumba cha Majengo. Mpangaji akitoka Ijumaa, Jumamosi jioni kuna godoro la mtu mwingine mle ndani na jiko linawaka. Hakuna chumba cha hapa kinachokaa kitupu. Hata ukifagia, ukipaka chokaa, ukakaza kufuli, mtu atauliza, hiki ni cha nani? Mimi nilikuwa nimefagia tu.

Aliyenieleza hivyo alikuwa mzee mmoja fundi wa viatu. Tulimwita Guka, kama wanavyowaita babu zao watoto wa Kikuyu. Alikaa kwenye kigoda kando ya njia, msharasi mkononi, uzi mdomoni, na mbele yake viatu vya watu wengine vimepangwa kama wasikilizaji. Nilikuwa nimempelekea kiatu cha baba. Akanitazama, akasema, "Kijana, wewe huna amani. Kuna kitu kinakutafuna?" Nikasema hapana. Akaendelea kushona. Akasema, "Mimi pia nilikuwa nasema hapana."

Ndipo akaanza kunisimulia mambo yake. Alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho. Wengine wenu mna babu au nyanya wa ushirika huo, wale wakisalimiana hawaachani mikono upesi, na mmoja wao akitoa ushuhuda wenzake huinuka na wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, unaoimbwa mpaka leo kutoka Uganda hadi Tanzania. Habari yao nataka muijue, kwa kuwa ilianza kwa watu waliochoka na mioyo yao.

Mnamo Septemba 1929, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Kampala kutoka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi katika hospitali ya misheni. Alikuwa amechoka mwili na roho. Kulikuwa na njaa kubwa Rwanda, kazi ilimlemea, na alihisi imani yake imekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, Mwafrika na Mzungu, katika siku ambazo hilo lilikuwa jambo la ajabu. Hawakuketi kuzungumzia dhambi za Waafrika wala za Wazungu. Kila mmoja alizungumzia upungufu wake. Kutoka hapo moto ule ukaenda Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi huko, watu walianza kuinuka mmoja mmoja na kuungama mambo waliyoyaficha. Na mwaka 1937 kundi lao likafika Kabete, hapo karibu tu na Nairobi.

Kilichowashangaza majirani zao hazikuwa nyimbo. Watu walikuwa wanarudisha vitu. Mtu aliyeiba jembe miaka kumi iliyopita anabisha mlango akiwa na jembe begani. Mtumishi anarudisha vijiko kwa tajiri wake. Waliliita jambo hilo kutengeneza. Umemkosea mtu, nenda ukatengeneze naye. Nao Wazungu wamisionari waliotaka kuingia katika ushirika ule ilibidi nao waungame dharau yao kwa Waafrika, kwa kinywa chao, mbele ya Waafrika. Ilikuwa vigumu kwa wengi.

Guka mwenyewe alikuwa kijana wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950. Ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa uhuru, wakakataa pia kupokea bunduki ya serikali, wakisema hawawezi kumwaga damu ya mtu ambaye Yesu alimwagia damu yake. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Sisemi hili ili muwahukumu waliopigania ardhi yao, ardhi ilikuwa imenyang'anywa kwelikweli. Nasema ili mwone kwamba watu hawa hawakuwa laini. Mtu laini angechagua upande mmoja akalindwa.

Nikamuuliza Guka, "Sasa mtu akitaka kuacha kitu na hawezi?" Nilisema "mtu". Akakata uzi kwa meno, nami nikashtuka kuona meno yanavyofanya kazi ile.

Akasema, "Umefagia. Nani umemkaribisha?"

Sikuwa na jibu.

"Usimwambie Yesu maneno mazuri," akaniambia. "Mwambie jina la hicho kitu. Kiite kwa jina lake, na hesabu yake."

Usiku ule, kitandani, wadogo zangu wakiwa wamelala kwa upande wa miguu, nilisema kwa sauti ndogo: Yesu, nimeiba shilingi 340 za mama wa chumba cha tatu, nimemwachia mwingine kipigo changu, na ninamchukia. Sitaki tena, lakini siwezi. Ingia wewe.

Hakukuwa na mwanga wala ngurumo. Nililia, na niliogopa kumwamsha mama yangu. Lakini jambo moja lilitokea, nami nalishuhudia mbele zenu bila kuongeza chumvi: kile kilichokuwa kimelala ndani yangu kikaamka. Nilimwona yule kijana wa mkokoteni na shati lake limechanika, na kwa mara ya kwanza nikamwonea uchungu. Imani ya Kikristo inafundisha kwamba Kristo alikufa akabeba hatia ya mtu, akafufuka, na kwamba Roho wake huja kukaa ndani ya anayempokea. Ukiwa mtoto maneno hayo unayasikia kama maneno ya katekisimu. Usiku ule kwangu yalikuwa na maana ya kawaida kabisa: si mimi peke yangu tena ninayelinda mlango huu.

Na hapa niwasimamishe kidogo. Ikiwa kuna mtu mkubwa amekuumiza, amekugusa vibaya au kukutisha usiseme, huo si uovu wako wa kuungama. Ni wa kwake. Mtafute mtu mzima unayemwamini, umwambie, na asiposikia umwambie mwingine. Ninayoyasema leo ni juu ya yale tunayoyafanya sisi.

Kesho yake nilikimbia kwa Guka nikitaka anisifu. Akafurahi, akanishika kichwa, halafu akasema, "Bado hujatengeneza."

Mama wa chumba cha tatu alikuwa uani akichambua mchele kwenye uteo. Nilisimama mbele yake nikayasema yote, mpaka ile noti ya kwenye soksi. Alisikiliza bila kuinua kichwa, vidole vikiendelea kutoa mawe. Nilipomaliza vidole vikasimama. Akaniuliza kitu kimoja, "Na yule kijana?" Nikasema hakufanya lolote. Akaweka uteo chini, akajifunika uso kwa ile leso. Nilijua analia kwa ajili ya nini. Alikuwa amemsingizia mtoto wa watu, naye alikuwa mcha Mungu, na sasa mzigo wangu ulikuwa umemwangukia na yeye.

Baadaye akasema, "Mungu ni wa kusamehe, mwanangu, nami nimekusamehe. Lakini pesa zangu utalipa. Na yule kijana utamtafuta."

Nilifanya kazi Jumamosi 7 bila malipo. Ile ya saba akahesabu kwa vidole, akafungua fundo, akanipa shilingi 10. "Umezidisha," akasema.

Msidhani Jumamosi hizo zote nilikuwa malaika. Katika ile ya tatu mama alikwenda kuswali, akaiacha leso palepale. Sijui kama alifanya makusudi. Fundo lilikuwa nono. Na mimi, niliyelia juzi, niliyesamehewa, mkono ukaniwasha. Nilihuzunika sana. Nilidhani kila kitu kilikuwa uongo. Nilimwomba mwuza viazi wa jirani aangalie meza, nikakimbia kwa Guka, nikamwambia, Guka, kimerudi.

Alinisimulia habari ya askofu mmoja, nami tangu hapo nimeisoma mwenyewe. Festo Kivengere alikuwa mtu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliokoka mwaka 1941, akiwa mwalimu kijana mlevi aliyekuwa ameipa imani kisogo. Kulikuwa na Mzungu mmoja mmisionari ambaye alimchukia sana. Baada ya kuokoka moyo haukumpa nafasi mpaka akapanda baiskeli, akaendesha kama maili 50 milimani, akabisha mlango wa yule Mzungu na kumwomba msamaha kwa chuki yake. Wakakumbatiana. Wewe ungesema mtu huyo amemaliza shule ya kusamehe.

Miaka ikapita. Akawa Askofu wa Kigezi, mhubiri anayejulikana duniani. Mnamo Februari 1977, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Serikali ilisema ni ajali ya gari, na watu hawakuamini. Kivengere alikuwa rafiki yake na alijua zamu yake imekaribia. Yeye na mke wake Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu, wakavuka mpaka na kuingia Rwanda. Huko uhamishoni akagundua kitu moyoni mwake: chuki. Chuki kwa Amin, ngumu kama jiwe, na ilikuwa inamkausha. Yeye, aliyekuwa amehubiri upendo kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, akawaza juu ya Yesu akiwaombea waliokuwa wakimpigilia misumari. Akaona kwamba hawezi kumtoa Amin katika maombi yale. Akamsamehe palepale, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua watu wengi, kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin hakuua. Uovu wa Amin aliuita uovu mpaka mwisho. Kivengere alifariki hapa Nairobi mwaka 1988.

Guka akasema, "Askofu alirudiwa na kitu kile, baada ya miaka yote hiyo. Wewe una wiki tatu. Kupiga hodi kitapiga. Sasa mwenye nyumba yumo, mwache yeye aende mlangoni. Na wewe ukisikia hodi usikae peke yako. Umefanya vema kuja mbio." Kisha akaniuliza nani anaangalia nguo za watu, nikarudi mbio zaidi.

Kwa hiyo yule mwenzenu aliyeniuliza, na wewe unayesikia hodi ya hasira au ya uongo au ya simu unayotazama usiku ukijificha, mtafute mtu. Ndugu wa Uamsho waliliita jambo hili kutembea nuruni: mwenzako anajua kinachokusumbua, nawe unajua chake, na hakuna anayemcheka mwenziwe. Uovu hupenda chumba chenye pazia. Nimewaona vijana wenye maombi marefu wakianguka kwa sababu hawakuwa na hata mtu mmoja wa kumkimbilia saa saba mchana.

Lakini bado hamjaniuliza juu ya yule kijana.

Hakuwa Gikomba tena. Nani angempa mzigo? Nilimwuliza kila msukuma mkokoteni, nikaenda Shauri Moyo kwenye soko la Burma, nikaenda Kariokor. Wengine walinifukuza, wakidhani nimetumwa kumkamata. Niliomba kila usiku nimwone, na kusema kweli usiku mwingine niliomba nisimwone. Baada ya kama miezi miwili nilimkuta Marikiti, alfajiri, kati ya malori ya viazi kutoka Kinangop. Mdomo ulikuwa umepona, umebaki na kovu linalouvuta upande. Alinitambua mara moja, akaangalia huku na huku kama kuna watu nyuma yangu.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyeiba." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, hayo tu ndiyo yaliyobaki. Nikamwambia mama anamwita, anataka kumwomba radhi mbele ya walewale waliompiga. Nikampa shilingi 10 yangu, na shati moja la kamera ambalo mama alilichagua mwenyewe, limekunjwa ndani ya gazeti.

Alilifungua gazeti, akalitazama shati, akalikunja tena. Hakusema amenisamehe. Hakunipiga pia, ingawa nilikuwa nimesimama karibu makusudi. Nyuma yake mwenye lori alikuwa anapiga kelele kwamba viazi havitajishusha vyenyewe. Akaliweka lile shati juu ya mkokoteni, mahali pakavu, akainama kwenye gunia.

"Shika huo upande mwingine," akaniambia.